Nani Aliyetazama Maji?



Mwaka mmoja tuliondoka Dar es Salaam mara tu baada ya Sala ya Alfajiri, tukaelekea Tanga katika arusi ya jamaa yetu. Tulikuwa watu saba wa nyumba moja ndani ya gari: wazee wetu wawili, mimi na mke wangu, watoto wetu wawili, na mpwa wangu aliyeshika usukani. Tulipita Chalinze kwa salama, tukavuka daraja la Mto Wami, na tulipoanza kupanda upande wa pili mshale wa joto ukasogea hata ukaifikia alama nyekundu. Hazikupita dakika mbili, mvuke ukawa unafoka chini ya boneti.

Mpwa wangu akasimamisha gari kando ya njia, akafungua boneti, akachukua kitambaa chembamba na kupeleka mkono kwenye kifuniko cha rejeta. Hapo tukasikia sauti ya mtu akipiga ukelele: "Mwanangu, usiguse! Ondoa mkono!" Alikuwa mzee mmoja, dereva wa lori lililopumzika mbele yetu. Alikuja mbio, akamvuta kijana nyuma, ndipo akatuamkia na kutuuliza hali zetu.

Akatuketisha kivulini muda wa karibu saa moja. Gari lilipopoa akakunja gunia mara nyingi, akaliweka juu ya kifuniko, akakizungusha polepole. Tukamimina maji, rejeta ikanywa zaidi ya lita tatu. Mpira mmoja wa maji ulikuwa umepata ufa mdogo, na maji yalikuwa yakivuja kwa siku kadha wa kadha bila ya mtu kujua. Mzee akaufunga ule mpira kwa utepe, kisha akatutazama wote akauliza: "Nani aliyetazama maji asubuhi?"

Hakuna aliyejibu. Mimi nilidhani mpwa wangu ametazama, kwa kuwa yeye ndiye dereva. Mpwa wangu alidhani fundi ametazama, kwa kuwa gari lilitoka kwa fundi wiki iliyotangulia. Naye fundi alilipwa kubadili mafuta ya injini, akabadili mafuta, akamaliza kazi yake. Mzee akatikisa kichwa, akasema: "Gari lenu lina watu saba, walakini halina mwenyewe."

Maneno hayo yamekaa moyoni mwangu tangu siku ile, nayo ndiyo yaliyonifanya niandike makala haya. Aghalabu gari haliharibiki ghafla. Hutoa dalili siku nyingi kabla, na dalili hizo huonwa na mtu yeyote mwenye macho, hata asiyejua ufundi. Linalokosekana ni mtu mmoja ambaye kutazama ni kazi yake.

Wazee wetu wa mwambao walilijua jambo hili. Nahodha hakutweka tanga kabla ya kukitazama chombo chake, wala jahazi halikushushwa majini bila ya kukalafatiwa. Hakusema, "Seremala alilitazama mwaka jana." Nasi sote tunaikumbuka khabari ya yule bedui aliyeelekezwa na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, kwamba amfunge kwanza ngamia wake ndipo atawakali. Mwenye kusema "Bismillahi" na kuondoka na tairi lililokwisha amesema neno jema, lakini ngamia wake hajamfunga.

Wala jambo lenyewe si dogo. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2023, lilieleza kwamba katika mwaka 2021 watu wapatao milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani duniani, na kwamba ajali hizo ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29. Si ajali zote zitokazo katika ubovu wa gari. Mwendo wa kasi, usingizi na uzembe vina sehemu yao kubwa. Lakini tairi, breki na taa ni mambo yaliyo mikononi mwetu kabla hatujatoka nyumbani. Basi na tuyatazame moja baada ya jingine.

MAJI YA REJETA

Tazama maji asubuhi, injini ingali baridi. Magari mengi ya siku hizi yana chupa ya plastiki kando ya rejeta yenye alama mbili, ya chini na ya juu. Maji yawe baina ya alama hizo. Yakipungua kila siku, usiridhike na kuongeza tu. Maji hayapotei bure: ama mpira umepasuka, ama rejeta imetoboka, ama yanaingia ndani ya injini. Tafuta njia yanayopitia.

Ni bora kutumia dawa ya rejeta iliyoagizwa na watengenezaji wa gari, ambayo huzuia kutu na kuchelewesha kuchemka. Maji ya kisima ya pwani yetu aghalabu yana chumvi na chokaa, na vitu hivyo huganda ndani ya mishipa ya rejeta kama vigandavyo ndani ya birika la chai. Ukipatwa na shida njiani, maji yoyote safi yatakufikisha. Lakini ukifika, yamwage na ujaze yanayofaa.

Sasa sikilizeni, enyi vijana, habari ya kifuniko. Maji yaliyo wazi huchemka kwa digrii 100. Yaliyofungiwa ndani ya rejeta hubanwa na kifuniko, na kwa kubanwa huko huweza kufikia karibu digrii 120 bila ya kuchemka. Ukikifungua kifuniko hali injini ni moto, yale maji hupata nafasi, hugeuka mvuke mara moja, na huruka juu kwa nguvu mpaka usoni na kifuani mwa aliyekifungua. Kama si yule mzee, mpwa wangu angalifika hospitali badala ya arusini.

Kwa hiyo gari likichemka: simama mahali pa salama, zima injini, watoe watu wakae mbali na barabara, na ungoje. Nusu saa ni kidogo. Ngoja mpaka uweze kuiweka mikono yako juu ya rejeta bila ya kuumia. Usimwage maji baridi juu ya injini yenye moto, kwani chuma hushtuka na huweza kupata ufa.

MAFUTA YA INJINI

Simamisha gari mahali palipo sawa, zima injini, ngoja dakika kumi hivi ili mafuta yateremke. Chomoa kile kijiti cha kupimia, kipanguse, kirudishe mpaka mwisho, kisha kichomoe tena ukisome. Mafuta yawe baina ya alama mbili. Yakiwa chini, ongeza kidogo kidogo ya aina ile ile. Wala usidhani kwamba kuzidisha ni usalama. Mafuta yakizidi hupigwa na injini yakafanya povu, na povu halilainishi chuma.

Mafuta kuwa meusi si ajabu, maana kazi yake ni kubeba uchafu. Lakini yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, jua kwamba maji yameingia ndani ya injini. Usiliendeshe gari hilo, mwite fundi.

Tena kuna taa ndogo nyekundu yenye picha ya birika la mafuta. Taa hiyo ikiwaka safarini, huambiwi kwamba mafuta yanakaribia kwisha. Unaambiwa kwamba mafuta hayafiki kwenye vyuma kwa nguvu inayotakikana. Simama upesi na uzime injini. Wengi wameua injini kwa kusema, "Nitafika mjini kwanza." Kwa jumla taa nyekundu humwambia dereva "Simama," na ya manjano humwambia "Nitazame karibuni." Asiwepo mtu wa kubandika karatasi juu ya taa ili isimkere, kama nilivyoona kwa macho yangu.

MATAIRI

Gari zima, na roho zote zilizomo, limesimama juu ya nchi kwa vipande vinne vya mpira, kila kimoja kadiri ya kiganja cha mkono. Hapo ndipo breki zinaposhika na usukani unapotii.

Upepo wa tairi upimwe asubuhi, tairi likiwa baridi, walau mara mbili kwa mwezi na kabla ya kila safari ndefu. Kiasi chake kimeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa katika fremu ya mlango wa dereva. Usifuate namba iliyo ubavuni mwa tairi. Ile ni ya mwisho wa uwezo wake, si kiasi kinacholifaa gari lako. Magari mengi tununuayo hapa kwetu hutoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika, na karatasi zake hutumia kipimo kingine. Ukiona 220, hizo ni paundi 32 za vipimo vyetu vya vituo vya petroli. Ukiona 240, ni kama paundi 35.

Watu wengi hudhani tairi lenye upepo mwingi ndilo lipasukalo, ilhali aghalabu lipasukalo ni lenye upepo haba. Tairi legevu hujikunja ubavuni kila linapozunguka, na kujikunja huko huzaa joto. Katika mwendo wa kasi na jua la mchana, pamoja na gari lililojaa watu na mizigo, joto hilo huchoma nyuzi za ndani mpaka tairi likapasuka. Wala usipunguze upepo wa tairi lililopata moto safarini kwa kuona kipimo kimepanda. Likipoa litakuwa na upepo mdogo kuliko inavyotakikana.

Tazama pia jinsi tairi linavyolika. Likilika kando zote mbili, lilikosa upepo. Likilika katikati, lilizidishiwa. Likilika upande mmoja tu, magurudumu hayakukaa sawa, na fundi wa kuyanyoosha anahitajika. Ndani ya mifereji ya tairi mna vigongo vidogo vya mpira, kimo chake takriban milimita 1.6. Uso wa tairi ukilingana na vigongo hivyo, tairi limekwisha. Tairi kipara katika mvua ya masika haliwezi kuyasukuma maji kando; gari huelea juu ya maji kama ngalawa, na kukanyaga breki hakufai kitu.

Na mwenye kununua tairi, hasa lililokwisha kutumika, asome tarakimu nne za mwisho ubavuni katika mstari unaoanza kwa herufi DOT. Tarakimu 2319 maana yake lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukikaa ghalani. Tairi lenye maua mazuri huweza kuwa limekauka na kupasukapasuka kama udongo wa kiangazi. Tena usisahau tairi la akiba. Lipimwe pamoja na wenziwe, maana siku litakapohitajiwa hapatakuwa na pampu karibu.

BREKI

Kabla gari halijaondoka, kanyaga breki kwa nguvu na uhesabu mpaka thelathini. Kanyagio likae imara. Likizama polepole mpaka chini, pana mahali panapovuja au chombo kilichokufa ndani, na gari hilo lisitoke uani.

Mafuta ya breki yamo katika kikopo kidogo chini ya boneti. Yakishuka kidogo kidogo kwa miezi mingi, huenda pedi zinalika. Yakishuka kwa siku chache, yanavuja. Usithubutu kutia humo mafuta ya injini au mafuta mengine yoyote, kwani huzivimbisha na kuziharibu raba za ndani, na breki zote hufa.

Jambo wasilolijua wengi ni kwamba mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewani, na hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi. Mafuta yaliyokunywa maji huchemka upesi yanapopata moto. Basi mtu hushuka mlima mrefu, kama ule wa Kitonga katika njia ya Iringa, mguu wake ukiwa juu ya breki tangu kileleni. Breki hupata moto, mafuta huchemka, mapovu huingia, na kanyagio huzama bila ya kushika. Dawa zake ni mbili. Ya kwanza, mafuta ya breki yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi, au kama kitabu cha gari kisemavyo. Ya pili, ushuke mlima kwa gia ndogo, injini yenyewe ilizuie gari, na breki ukanyage kwa vituo.

Ukisikia mlio mkali wa chuma kila ukanyagapo breki, usiuzoee. Pedi nyingi zimetengenezwa makusudi ziwe na kibati kinacholia zikikaribia kwisha. Kubadili pedi ni gharama ndogo kuliko kubadili sahani zake, na zote mbili ni ndogo kuliko msiba.

BETRI, TAA NA KIOO

Chumvi ya bahari huvila vyuma vya magari yetu. Ukiona unga mweupe au wa kijani juu ya vichwa vya betri, usafishe kwa maji ya moto yenye magadi kidogo, ukijilinda macho. Ukifungua nyaya, anza na ule wa hasi. Ukizirudisha, hasi uwe wa mwisho, ili spana isigonge mwili wa gari ikatoa cheche. Betri hutoa hewa iwakayo upesi, kwa hiyo sigara na kiberiti viwe mbali.

Taa hutazamwa na watu wawili: mmoja akae ndani, akiwasha na kukanyaga, mwingine azunguke nje. Hii ni kazi nzuri ya watoto, nao huifurahia. Taa ya breki isiyowaka hukuijua wewe. Huijua aliye nyuma yako, baada ya kukugonga. Na vipangusio vya kioo vibadilishwe kabla ya masika na vuli, si katikati ya mvua.

JEKI

Kila kijana ajifunze kubadili tairi uani kwa baba yake kabla hajalazimika kulibadili usiku porini. Gari liwe mahali pagumu palipo sawa, breki ya mkono ifungwe, na mawe yawekwe kuyazuia magurudumu mengine. Nati zilegezwe kidogo kabla ya kuliinua gari. Wala mtu asiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake, hata kwa dakika moja kuokota spana. Jeki huteleza bila ya kubisha hodi.

DAFTARI LA GARI

Tuliporudi kutoka Tanga nilinunua daftari la kawaida, nikaliweka ndani ya gari. Humo huandikwa tarehe, kilomita, na jambo lililofanywa: mafuta ya injini, mafuta ya breki, matairi, pedi, betri. Fundi naye akibadili kitu huombwa kwa adabu akirudishe kile kizee tukione. Hakuna fundi mwaminifu aliyechukia ombi hilo.

Lakini ukurasa wa kwanza wa daftari una jina moja tu. Kila mwezi mtu mmoja wa nyumba yetu ndiye mwenye gari, yaani mwenye kulitazama: mwezi huu mimi, mwezi ujao mpwa wangu, wa tatu mke wangu. Yeyote aendeshaye, mwenye jina ndiye anayetazama asubuhi: maji, mafuta, matairi, breki, taa. Kazi yote haizidi dakika tano, muda wa maji ya chai kuchemka. Wengine husaidia, lakini swali huulizwa mmoja, na mmoja ndiye ajibuye. Amana inayoshikwa na wote kwa maneno, hapana anayeishika kwa mkono.

Siku ile tulifika Tanga alasiri. Nikahi ilikuwa imekwisha kufungwa, pilau imepoa, na wenyeji wetu wamefadhaika kwa kutungoja. Tuliomba radhi, tukasamehewa. Tulichelewa arusi, lakini tulifika sote saba, na uso wa kijana wetu ulikuwa mzima. Jina la yule mzee wa lori hatukuliuliza, kwa haraka yetu; tunamwombea dua kila tupitapo Wami.

Nawe, ndugu msomaji, kesho asubuhi kabla hujatia ufunguo, waulize watu wa nyumba yako swali lake: Nani aliyetazama maji? Kama hakuna atakayejibu, basi fungua boneti wewe.

Mwenyezi Mungu atulinde sisi na aila zetu katika safari zetu, na atujaalie kuwa wenye kuzitunza amana alizotupa. Amin.